Mate ya Namba Kumi na Saba

Naomi hakuwa mwongo. Natanguliza hilo kwa sababu sisi watu wa Ngonga, huku Kyela, tuna midomo, na tangu habari hii ivuje kila mtu anaisimulia anavyopenda. Wapo wanaodai alimlaghai daktari ili apate dawa akauze. Dawa gani za kuuza, jamani? Mama huyu alidanganya mara moja maishani mwake, asubuhi tatu mfululizo, na alidanganya kwa mate. Alifanya hivyo kwa ajili ya mumewe, na laiti angeujua mwisho wake asingethubutu.

Mumewe ni Eliud, mkulima wa mpunga kama sisi sote, ila yeye Mungu alimwongezea sauti. Akiimba besi kanisani, hata watoto waliolala migongoni mwa mama zao walizinduka. Mwaka sabini na nane, binti yao Anyitike akiwa na mwaka mmoja tu, Eliud alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vita vya Uganda. Alirudi mwaka uliofuata na miguu yake miwili, mikono yake miwili na macho yote mawili. Tukamchinjia ng'ombe. Tulimkagua viungo tukaona vimetimia, tukala, tukacheza, kila mtu akaenda kwake.

Naomi ndiye aliyebaki naye ndani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi hatukuwajua. Tulianza kushtuka mwezi wa sita wa mwaka wa themanini, tulipokuwa tukipiga mpunga. Mnajua unavyopigwa: wanaume sita wanalizunguka turubai na fimbo zao, wanashusha kwa mpigo mmoja, pa, pa, pa, na punje zinaruka. Eliud alishusha fimbo yake mara nne. Mara ya tano aliitupa, akalala kifudifudi kwenye tope la jaruba, akajifunika kichwa kwa mikono na kujikojolea. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu mwaka huo hakuonekana tena kwenye kupiga mpunga. Akizisikia fimbo anaingia kwenye mikakao ya watu na kukaa huko hadi jua linazama. Wakamwita mvivu. Naomi alipiga mpunga wake mwenyewe, mwanamke katikati ya wanaume, na hakumjibu mtu.

Usiku ulikuwa mbaya zaidi, na sitausimulia wote, maana mengine ni ya chumbani kwa watu. Ila hili linajulikana. Eliud alikuwa akiinuka usingizini macho yakiwa wazi, akamtazama mkewe asione mkewe. Mara tatu alimkaba koo. Akizinduka analia, anamshika miguu anaomba radhi, na Naomi anamfuta uso na kumwambia yameisha. Walijaribu kulala vyumba mbalimbali. Wiki ya pili wavuvi wakamkuta alfajiri ziwani, maji yamemfika kifuani, anatembea kuelekea kusini kama mtu aliyeitwa. Kuanzia siku hiyo Naomi alilala naye kitanda kimoja, mkono wake umefungwa kwa kanga kwenye mkono wa mumewe, ili akinyanyuka naye aamke. Alilala hivyo miaka kumi na saba. Anyitike alipofikisha miaka kumi na saba aliolewa na mwalimu wa Tukuyu, akaenda, na hata Krismasi hakurudi. Wanawake wakimuuliza Naomi mbona macho mekundu, anasema ni moshi wa kuni.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Yohana, kaka yake Eliud. Si mtu mbaya Yohana, msije mkamchukia bure. Alimpenda mdogo wake, lakini alimpenda kwa namna aliyoijua. Kwetu ugonjwa wa aina hii una mlango wake: hasira ya ndugu ikikaa moyoni bila kusemwa, humwangukia mmoja wao akaugua. Basi ukoo hukutana, kila mmoja anasema waziwazi lililomkaa rohoni, halafu anachukua maji mdomoni na kuyapuliza chini. Ukishayapuliza umesamehe, hulirudii tena neno lile. Lakini lazima useme kwanza ndipo upulize. Kupuliza bila kusema ni kuwatania waliolala makaburini, na hakuna mtu mwenye akili zake anayewatania wale.

Yohana aliwakusanya. Yeye mwenyewe alianza, akatoa kinyongo chake cha ndama aliyenyimwa na marehemu baba yao, akapuliza. Naomi akasema ana hasira na wote waliocheka siku ile ya turubai, akapuliza. Zamu ya Eliud ilipofika alichota maji, akayaweka mdomoni kabla ya kusema neno, akakaa nayo mashavu yamejaa, macho chini. Wakamngoja. Mwisho wakaona koo lake linapanda na kushuka. Aliyameza. Mwaka uliofuata wakarudia, akayameza tena.

Hapo Yohana akakata shauri. Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, palikuwa na mganga anayepokea wagonjwa wa kichwa. Alisema mavuno ya mwaka huo wa tisini na sita yakiisha, Eliud atapelekwa huko akakae mpaka apone. Naomi alipajua mahali penyewe. Aliwahi kumsindikiza jamaa yake mmoja. Aliona magogo yaliyotobolewa, mguu wa mtu unapitishwa tunduni na kupigiliwa msumari wa chuma. Aliona vidonda vya vifundo na mtu mzima anajisaidia pale alipokaa. Alimpigia Yohana magoti. Yohana alimjibu kwa upole kwamba amechoka kusubiri azikwe mmoja wao, na kwamba shemeji ana alama shingoni ambazo kitambaa hakizifichi.

Wakati huohuo akaja Daktari Siti. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara huria imeshaota mizizi: sabuni za Malawi zimejaa magengeni, mitumba inauzwa kwa fungu, kakao inanunuliwa na watu binafsi wanaopita na mizani zao kwenye pikapu. Hospitalini napo mambo yalikuwa yamebadilika, hata bendeji unakuja nayo mwenyewe. Kwa hiyo tuliposikia kuna daktari anatafuta askari wa zamani na hataki hata senti, tulidhani anatafuta wa kupiga nao picha. Alikuwa binti wa pwani, mwembamba, kajitanda ushungi, ana Kiswahili kitamu mpaka wazee walikuwa wakimwuliza mambo wasiyoyahitaji ili tu wamsikie akijibu. Alikaa ofisi ya kata, akawaita waliokwenda vitani, kuanzia kwetu hadi Katumba Songwe. Akapata arobaini.

Aliwauliza maswali mengi. Unaota nini? Unashtuka ukisikia nini? Kuna mahali hupiti? Eliud alijibu kwa kutikisa kichwa, na pale asipotikisa, Naomi alijibu badala yake. Daktari akaweka kalamu chini, akaanza kueleza, na Naomi anakumbuka kila neno mpaka leo. Alisema ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo sana, si kubwa kuliko punje ya maharage, kazi yake ni kutambua hatari na kuamsha hofu. Ikishtuka, ubongo hupeleka amri kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa homoni ya kumwezesha mtu kukimbia au kupigana. Kwa kawaida homoni hiyo hupanda kila asubuhi, ndiyo inayotuinua kitandani. Lakini kwa mtu aliyepita kwenye jambo zito mno, hupatikana mara nyingi kwamba ubongo umeubana ule mfereji, na asubuhi homoni haipandi inavyotakiwa. Hofu imebaki ndani, nguvu ya kuikabili imepungua. Na dalili yake inaonekana kwenye mate.

"Kwa hiyo si wazimu?" Naomi aliuliza.

"Si wazimu, mama. Si laana na si uvivu. Ni ugonjwa wa ubongo, nao una alama mwilini."

Akaeleza kwamba majibu yakirudi kutoka maabara ya Ulaya, yeye mwenyewe ataandika barua kwa kila atakayekutwa na ugonjwa, na mwenye barua ataingizwa kwenye kundi la matibabu Mbeya, bure. Naomi hakusikia Mbeya wala bure. Alisikia barua. Alimwona Yohana anaisoma, anavua kofia, analiacha gogo la Songwe liote uyoga. Daktari akampa Eliud vichupa sita vya plastiki, vyembamba kama kidole cha mtoto, kila kimoja kimeandikwa kumi na saba, maana hakutaka majina. Asubuhi tatu, vichupa viwili kila asubuhi: kimoja ukifumbua macho kabla ya kugusa maji wala chakula, kingine baada ya nusu saa. Asiyeleta mate hatakuwa na majibu, alisema. Naomi akavifunga vichupa kwenye pindo la kanga na kuitikia kwa niaba ya mumewe.

Asubuhi ya kwanza alimfungulia Eliud kichupa, akamshikisha. Eliud alikiweka mdomoni, akakaa nacho ukingoni mwa kitanda muda mrefu. Kisha akakirudisha kitupu.

"Siwezi kutema, Mama Anyitike," alisema. "Sijasema."

Naomi alimwambia haya ni mambo ya hospitali, si ya ukoo, hakuna maji hapa wala makaburi. Eliud akatikisa kichwa, akachukua jembe akatoka. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Neno likishakuwa kweli kwake, ni kweli mahali popote. Kitu alichokimeza Uganda hakikuwa na njia ya kutoka ila kwa kusemwa, na kusema hakuweza.

Naomi akabaki na kichupa mkononi. Usimcheke kwa alichofanya. Alifikiri hivi: kichupa kitupu hakina majibu kabisa, na kilichojaa huenda kikawa nayo. Halafu akakumbuka alivyosomewa siku ya ndoa, kwamba hawa hawatakuwa wawili tena bali mwili mmoja. Kama ni mwili mmoja, mate ni mate. Kama Biblia haisemi uongo, ugonjwa wa Eliud lazima uwemo pia kinywani mwa mkewe. Alisali kabisa, akamwomba Mungu amhesabie hivyo. Kisha akainamia kichupa akaanza kutema. Mdomo ulikuwa mkavu. Ikabidi awaze embe bichi lenye chumvi ili mate yatoke, na hata hivyo yalitoka kidogo kidogo kama ya mtu mwenye homa. Alifanya vile siku tatu. Eliud aliviona vichupa vimejaa dirishani na hakuuliza.

Vichupa vilitunzwa kwenye friji la Badru, mwenye duka la soda, maana ndilo friji pekee la karibu lililokuwa linagandisha sawasawa. Badru alikubali kwa heshima ya daktari, mtoto wa dini yake, lakini hakuuliza ni vya nini. Alipoambiwa ni mate ya wanaume arobaini, alikuwa ameshauza kreti mbili za soda zilizopoozwa juu ya vichupa hivyo. Kwa wiki nzima hakuna aliyenunua kwake kinywaji baridi. Alilalamika hadi kwa katibu kata, akasema amekuja Kyela kufanya biashara, si kufuga mate ya watu. Nasi tulipata la kucheka msimu ule.

Yohana alipoambiwa majibu yanakuja, alikubali kungoja. Miezi mitano ikapita. Katika miezi hiyo Naomi alibadilika. Akikutana na wanawake mtoni anawaambia mume wake ana ugonjwa wa ubongo, anautamka kwa fahari kama anayetaja shule aliyosoma mwanawe. Ule mzigo wa aibu aliotembea nao miaka yote ulikuwa umepata mahali pa kutua. Usiku haukubadilika, kanga ilikuwa ileile na fundo lilelile, lakini alianza kuhesabu kwamba siku moja itafunguliwa.

Daktari Siti alirudi mwezi wa kumi na moja. Alipita nyumba kwa nyumba safari hii, na Naomi alipopata habari kuwa kesho ni zamu yao, alimwita Yohana aje asikie kwa masikio yake. Alipika wali na samaki wa ziwani, mbasa mkubwa wa nazi, akaazima viti viwili. Eliud alinyoa ndevu. Walikaa barazani wote wanne mchana kweupe, sahani zimeondolewa, na daktari akafungua jalada.

Alianza kwa kuonya kwamba namba hizi peke yake hazimhukumu mtu mmoja. Zinasaidia tu zikiwekwa pamoja na maswali. Kisha akawaonyesha karatasi yenye mistari. Ya wengi ilianza chini ikapanda kama kilima, ndiyo asubuhi ya mtu mzima wa afya. Ya baadhi ya askari ilipanda kidogo. Mmoja ulikuwa umelala tu, tambarare kama majaruba ya Kyela, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huyu ni namba kumi na saba," alisema. "Katika watu wote arobaini, ndiye wa chini kabisa. Sijawahi kuona mstari kama huu. Mtu huyu ameishi na hofu mfululizo kwa miaka, hajapata hata usiku mmoja wa kupumzika. Mwili umefika mahali umechoka hata kuogopa."

Yohana aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mzito wa maneno mazuri, lakini alivua kofia yake, akamgeukia mdogo wake na kumwambia, mbele ya mgeni na mbele ya mke, kwamba alimwita mvivu na sasa anajuta, amsamehe. Daktari akaweka barua mezani, ina muhuri, ina jina la Eliud. Naomi aliichukua kwa mikono miwili. Ilikuwa ndiyo furaha yake kubwa tangu ng'ombe yule wa mwaka sabini na tisa, na aliishika labda kwa muda wa kumeza mate.

Maana hapo ndipo maneno ya daktari yalipomfikia. Alikuwa ameyasikia kwa masikio ya mtu anayengoja barua. Sasa akayasikia kwa masikio yake. Hajapata hata usiku mmoja. Alitamani daktari afunge jalada aende zake, na Yohana avae kofia, na siku iishie papo hapo.

"Daktari," Eliud alisema. Sauti ya besi ilitoka imekwaruza, maana haikuwa ikitumika. "Mate yale si yangu."

Daktari aliuliza ni ya nani. Eliud alikuwa anautazama mkono wa Naomi ulioshika barua, pale kwenye kifundo, ngozi ilipokuwa nyeusi na ngumu kwa kusuguliwa na kanga miaka kumi na saba. Aliutazama kana kwamba hajawahi kuuona, na labda kweli hakuwahi, kwa kuwa alifungwa usiku na kufunguliwa kabla hajazinduka sawasawa.

"Tangu lini unaniogopa?" alimuuliza.

Naomi angeweza kusema sikuogopi. Angeweza kusema ni mambo ya mashine. Baadaye alimweleza Anyitike kwamba jibu lilitoka kabla hajaliwahi.

"Tangu uliporudi."

Yule binti wa pwani hakugomba. Wengine wangegomba, kazi ya miezi imeharibiwa na mtu mmoja. Alilifunga jalada, akaja kukaa mkekani karibu na Naomi, akamshika begani. Alisema barua ya Eliud inabaki, kwa sababu maswali yalitosha na macho yake yalitosha. Alisema Naomi naye aje Mbeya, kwamba mtu si lazima aende vitani ili vita vimfikie. Dawa zipo, na kuna kukaa na kuzungumza, kila mwezi mara moja. Eliud akauliza dawa huchukua muda gani. Daktari, ambaye naye hakujua kusema uongo, akasema miezi; kwa wengine mwaka; na kwa wengine haiondoki yote bali hupungua.

"Na muda wote huo mimi nalala wapi?" Eliud aliuliza.

Yohana alianza kusema kitu juu ya chumba cha nyumbani kwake, akakumbuka wajukuu wanaolala humo, akabaki anaigeuzageuza kofia yake mkononi.

Siku ya pili Eliud alifunga mashati mawili na blanketi. Naomi alipomuuliza anakwenda wapi, alimwambia ng'ambo ya Songwe. Jamani, dunia hii. Yohana yuleyule aliyetaka kumpeleka kwa nguvu alikuja mbio, akasimama mlangoni na barua mkononi, akamsihi asiende, akasema maandishi ya daktari yamemtoa ujinga, watapata njia, watajenga kibanda. Naomi alimshika mumewe kiunoni kama mtoto. Alimwambia ni uongo, hamwogopi, mashine za wazungu zinakosea kila siku. Eliud aliifungua mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua naumwa," alisema. "Sikujua nakuambukiza."

Akaondoka kwa miguu, na hakutaka kusindikizwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoanza kumsema Naomi vibaya, na hapa ndipo mimi namwonea huruma kuliko pote. Usiku wa kwanza bila Eliud alilia mpaka akachoka. Usiku wa pili hivyohivyo. Usiku wa tatu alijilaza kidogo tu kunyoosha mgongo, na alipofumbua macho jua lilikuwa limeingia mlangoni, kuku wanapiga kelele, jirani anamwita kuuliza kama ni mgonjwa. Alikuwa amelala kutoka jioni hadi asubuhi. Alikaa kitandani akajipiga kofi mwenyewe kwa aibu. Lakini usiku uliofuata alilala tena, na uliofuata, usingizi mzito usio na ndoto, kama mtu anayelipwa mshahara wa miaka. Macho yakawa meupe. Mashavu yakajaa. Wanawake mtoni wakamsifia, na kila sifa ilimchoma kwa sababu alijua imetoka wapi. Alimkosa mumewe mchana kutwa. Alipopika ndizi alipika za watu wawili. Usiku mwili wake haukumkumbuka hata kidogo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, mvua zikiwa zimeanza lakini mto bado unavukika, alifunga safari. Alibeba mchele, chumvi, na vidonge alivyovifuata mwenyewe kwa daktari Mbeya. Njia nzima hadi Katumba Songwe alikuwa anapanga la kusema. Angemwambia halali. Angemwambia tangu aondoke hajafumba jicho, ana hofu ya kulala peke yake, kwa hiyo kukaa kwake huku hakuna faida, arudi nyumbani wahangaike pamoja kama zamani. Mwanamke aliyedanganya maabara ya Ulaya hawezi kushindwa na mkulima wa Ngonga. Alivuka kwa mtumbwi huku anayarudia maneno midomo ikichezacheza, hata mwenye mtumbwi akadhani anasali.

Alimkuta Eliud analima bustani ya mganga. Mchana alikuwa huru. Usiku alikuwa kwenye gogo, na si kwa amri ya mganga; yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na kila jioni humpelekea mganga nyundo. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na nzi walikuwa wanakizunguka. Alikuwa amekonda. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Naomi akakifungua kile kitambaa, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga upya kwa kipande cha kanga yake. Akampa vidonge, akamweleza vinavyomezwa. Eliud akavitia mfukoni, akaahidi atavimeza.

Naomi aliinua uso ili aanze maneno aliyoyapanga, lakini mumewe akamtangulia.

"Unalala?"

Neno la uongo lilikuwa tayari ulimini. Alilisikia kabisa pale lilipokaa. Eliud alikuwa anamtazama usoni, anayatazama yale macho meupe na yale mashavu, na Naomi akaona kwamba mtu huyu hakuwa anauliza kwa kutaka kurudi wala kwa kutaka kubaki. Kwenye gogo lile usiku kucha, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa anakingoja kutoka ng'ambo.

"Nalala," Naomi akasema. "Nalala mpaka kunakucha."

Kisha akaanza kulia, kwa sababu alijua amemwacha huko kwa mdomo wake mwenyewe.

Eliud alitabasamu. Naomi alikuwa hajayaona meno ya mumewe tangu Anyitike ananyonya.

"Ndaga fijo," akamshukuru kwa lugha yao, taratibu, kama mtu aliyepokea chakula. Akamwacha alie mpaka atosheke. Halafu akamuuliza mbegu zimeota vipi kwenye majaruba ya chini, na Naomi akamweleza, hadi mwenye mtumbwi alipoita watu wa kurudi.